Karani na Watoto Wake Watano

Siku mliyonifanyia chai ya kuniaga, mmoja wenu aliniuliza ni kazi gani kati ya zote nilizofanya katika idara ya mifugo ambayo siwezi kuisahau. Nilijibu "chanjo", kwa sababu mkuu wa ofisi alikuwa amesimama karibu na sambusa zilikuwa zinapoa. Jibu la kweli ni mbwa. Nimekaa nyumbani wiki ya tatu sasa, sina wa kunifokea wala wa kumfokea, kwa hiyo nawaandikia jibu la kweli. Mambo ya vyeo na mishahara yamo kwenye faili langu. Atakaye ayasome huko, kama panya hawajamtangulia.

Nilifika Migori mwanzoni mwa miaka ya tisini nikiwa msaidizi wa mifugo. Nilikuwa na sanduku la bati, kipimajoto kimoja, sindano mbili za kioo za kuchemsha, na pikipiki ya serikali iliyowaka siku inapotaka yenyewe. Siku ya kwanza nilipelekwa josho la ng'ombe, nikasimama upande usiofaa. Fahali wa kwanza alipojitosa nililowa dawa kuanzia kofia hadi viatu. Mzee mmoja akaniambia, "Daktari, wewe sasa kupe haiwezi kukugusa." Kule kila mwenye sindano huitwa daktari. Nilijaribu kuwasahihisha mwezi mzima, nikachoka, nikaanza kuitika.

Mimi ni mtu wa Karungu, ziwani. Kwetu mtu akiibiwa, ameibiwa nyavu. Lakini upande wa mpaka wa Tanzania, kwa Wakuria na majirani zao, kilio kilikuwa ng'ombe, na walikuwa na utaratibu wao ambao ilinibidi niujue haraka. Ng'ombe wakiibwa, watu hupiga yowe, hukusanyika na kufuata nyayo. Nyayo zikiingia kwenye boma la mtu, mwenye boma huonyesha zilipotokea upande wa pili. Akizionyesha, mzigo unamtoka na yeye mwenyewe anajiunga na wafuataji. Akishindwa, ng'ombe hao ni juu yake, hata kama hajawahi kuwaona kwa macho.

Utaratibu huo ulifanya kazi vizuri mpaka mvua inyeshe. Ndipo kamati ya wafugaji ikaja ofisini kusema wanataka mbwa wa kufuata harufu, kwa kuwa mvua huosha alama ya kwato upesi lakini mbwa mzuri bado hupata kitu cha kunusa. Na mbwa jike walikuwa naye tayari. Aliitwa Karani, kwa sababu hakuna karatasi iliyompita bila kuikagua. Mwenyewe alikuwa Mzee Marwa, Mkuria mrefu, mkavu, aliyestaafu kazi ya kuongoza mbwa wa kunusa na kurudi nyumbani na mmoja wao. Karani alikuwa ameanza kuumwa nyonga, hakuweza tena kazi ya kila siku. Kamati ikaomba idara imzalishe kabla hajazeeka. Mkuu wangu akaangalia chumba kizima, akanichagua mimi niliyekuwa nimechelewa kurudi kutoka chakula cha mchana.

Sikuwa nimewahi kuzalisha mbwa. Kwetu mbwa hujizalisha wenyewe na watu hulalamika baadaye. Ila nilijua ng'ombe, na nilikuwa na kiburi cha kijana aliyefaulu mtihani. Ng'ombe akipata joto asubuhi, jioni umpeleke kwa fahali. Ukichelewa kesho umekosa. Kwa hiyo siku Karani alipoonyesha damu ya kwanza, sikumngoja Mzee Marwa arudi kutoka shambani. Nilimpakia kwenye pikapu ya idara, mbio hadi Homa Bay, ambako kulikuwa na dume zuri la walinzi wa ghala moja la samaki. Dume lile liliitwa Inspekta. Alimkaribia Karani kwa heshima zote, na Karani akamng'ata sikio, kisha akaketi chini kama mtu aliyekuja kungoja zamu yake kwenye foleni. Nilirudi Migori na Karani asiye na mimba, pamoja na salamu za walinzi ambazo sitaziandika hapa.

Mzee Marwa hakunikasirikia. Alicheka mpaka akashika kiuno. "Daktari, huyu si ng'ombe," akasema. "Ng'ombe ni siku moja, imeisha. Mbwa inataka subira. Ngoja damu ipauke, iwe kama maji ya kuosha nyama. Halafu mguse hapa mgongoni. Akipeleka mkia kando, sasa hiyo ndiyo siku."

Tulingoja. Siku ya kumi na mbili mkia ukaenda kando, na safari hii Mzee Marwa alipanda pikapu pamoja nami. Inspekta alikumbuka sikio lake, akasitasita, lakini Karani sasa alikuwa na adabu nyingine kabisa. Baada ya kitambo wakanasana kitako kwa kitako. Nilishtuka. Nyinyi mnajua tulivyolelewa: mbwa wakinasana njiani, watoto huwapiga mawe na kina mama huja na maji. Mkono wangu ulishika ndoo ya walinzi wenyewe bila kuniuliza. Mzee Marwa aliidaka ndoo hewani. "Unataka kuua dume ya watu?" akasema. "Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kaa chini." Tukakaa chini karibu nusu saa, wanaume wazima wanne, tukitazama ukuta.

Andikeni tarehe. Hilo ni jambo moja nililolifanya sawasawa. Niliziandika siku sitini na tatu kwenye kalenda ya ofisi kwa kalamu nyekundu, na mkuu wangu akafikiri ni siku zilizobaki za likizo yangu. Nilimjengea Karani kibanda kizuri cha mbao chenye nyasi kavu. Siku ya sitini na moja kipimajoto kilionyesha joto la mwili limeshuka, nikamwita Mzee Marwa. Tukafika kibandani, Karani hayumo. Alikuwa amejichagulia mahali chini ya meza yangu ofisini, juu ya fomu za chanjo za robo mwaka mzima, na alikuwa ameshaanza.

Wawili wa kwanza walitoka bila shida. Wa tatu alikwama. Niliosha mikono, nikapiga magoti, nikataka kuingia kama ninavyoingia kwa ng'ombe. Mzee Marwa akanishika mkono. "Na huo mkono wa jembe? Kidole kidogo. Kimoja. Na usivute mpaka yeye asukume." Nilimngoja Karani asukume, na kila aliposukuma nilivuta kidogo kuelekea chini, jasho likinidondoka puani. Mtoto akatoka amelegea, hapumui. Nilimsugua kwa kipande cha gunia, nikamfuta mdomo, nikamsugua tena, nikawa nasema naye maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Hakupumua. Nilimlaza kando. Nilikuwa nimeshaua kuku na kuchinja mbuzi wengi, lakini kale kamwili kadogo kalinifanya nitoke nje nisimame kidogo uani. Niliporudi Mzee Marwa alikuwa ameshapokea wengine watatu. Wakawa watano hai. Aliyetangulia wote tulimwita Mapema, na fomu za chanjo ilibidi tuziandike upya.

Sasa nafika kwenye kosa langu. Naomba mlisome polepole, kwa sababu wengi wenu mngelifanya.

Watoto walipofika wiki ya nne walianza kumchosha mama yao. Walitaka uji wenye nguvu, nyama ilikuwa ghali, na mimi ni mtu wa Karungu. Kwetu kitu chenye nguvu kinajulikana. Nilianza kuchanganya uji na omena, vile vidagaa vya ziwani. Wakanawiri! Manyoya yakang'aa mpaka mkuu wangu akaniuliza kama nawapaka mafuta. Muda huohuo Mzee Marwa akaenda Tarime kwa binti yake aliyekuwa amejifungua, akakaa huko miezi mingi. Baadaye akarudi mara mojamoja tu kutuangalia. Aliniachia agizo la mafunzo: mbwa wa kufuata harufu hulipwa kwa sifa na kitambaa cha kuvutana naye. Asilipwe chakula hata kidogo.

Nilijaribu kitambaa. Mapema alikitazama kama karani wa kaunti anavyotazama barua isiyo na muhuri. Siku moja nikajaribu omena mbili kavu kutoka mfuko wa shati, akaruka. Tangu siku hiyo, mwenzangu wa ofisi alipokwenda kujificha vichakani, alikwenda na omena mfukoni ili ampe mbwa zawadi akimpata. Mapema alimpata kila mara, hata ng'ambo ya mto. Mzee Marwa alirudi kutoka Tarime kabisa wakati Mapema ana miezi kumi na mmoja. Akamwona akifanya kazi, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Umemfundisha na nini?" akaniuliza.

"Na sifa, Mzee," nikasema. Nilisema uongo ule bila hata kumeza mate.

Kamati ikatuambia wazi: kazi ya kwanza ya kweli ndiyo itakayoamua. Mapema akifaulu, watajenga mabanda na kuwachukua wote watano. Akishindwa, kila mtoto atapelekwa kwa yeyote atakayemtaka na mambo ya mbwa yafungwe. Mkuu wangu alisema hayohayo kwa maneno machache zaidi.

Hazikupita wiki mbili, mfugaji mmoja aitwaye Mwita akapiga yowe. Ng'ombe wake wawili wa jembe walikuwa wameondoka zizini alfajiri, katikati ya mvua, na sasa mvua imekatika na nyayo hakuna. Tulifika saa tatu asubuhi. Watu walikuwa wengi, na fimbo zao, na naibu chifu katika koti lake la kazi. Mzee Marwa alikuja na Karani, ambaye hakukubali kuachwa nyumbani. Akajilaza kivulini na nyonga yake. Nilimnusisha Mapema kamba ya ng'ombe. Akainusa kwa adabu, akazunguka ua mara moja, akafika mlango wa jiko, pua ikakaza, akaondoka.

Jamani, alikwenda! Nilining'inia nyuma ya kamba yake kama nguo. Tulipita shamba la mahindi, tukapita mabanda ya kukaushia tumbaku, tukashuka njia ya sokoni, watu nyuma yetu wakinisifu kwa jina langu. Nilijiona nimefika. Mapema akakata kona nyuma ya soko, akaingia kwenye safu ya vyumba vya kupanga, akasimama mbele ya mlango mmoja, akaketi, akabweka kama nilivyomfundisha.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mama tuliyemwita Nyar Karungu, yaani binti wa Karungu, kwa sababu ndiko alikotoka na ndiko alikoleta omena yake. Sikuhitaji kuambiwa kitu. Harufu ya magunia ilinipiga usoni, nikajua yote kwa mara moja.

Lakini wengine hawakujua. Kwao njia ilikuwa imefika mahali ikaishia.

"Hapa ndipo imeishia," akasema Mwita. "Mama aonyeshe wametokea wapi."

"Nionyeshe nini?" Nyar Karungu akauliza. "Ng'ombe mbili ya jembe imeingia hii chumba? Imelala wapi, juu ya kitanda ama chini?"

Wachache walicheka. Mwita hakucheka. "Asubuhi ulikuwa kwangu."

"Nilileta omena! Bibi yako alinunua gorogoro mbili, muulize!"

"Ulikuja kuuza, ama kuangalia zizi?"

Hapo kicheko kikaisha. Nikasikia mtu nyuma akisema huyu si wa hapa, mwingine akasema wezi lazima wawe na mtu wa kuwachungulia, mwingine akashika gunia la kwanza mlangoni akalivuta nje. Nyar Karungu alilishika upande wa pili. Hakulia. Alizungusha macho usoni mwa kila mtu, na nilijua kwamba kabla ya jua kuwa utosini mama yule hatakuwa na chumba wala soko.

Nami nilinyamaza. Nataka mjue hivyo. Niliwaza mabanda ya kamati, watoto watano wa Karani, jina langu lililokuwa linatajwa njiani, na uongo niliomwambia Mzee Marwa. Nilinyamaza muda uliomtosha Mwita kuizunguka safu nzima ya vyumba akitafuta alama za kwato na kurudi. Mzee Marwa alikuwa amefika akihema. Alimtazama Mapema, ambaye mate yalikuwa yanamtoka. Alinitazama mimi mfuko wa shati. Macho yale ndiyo yaliyonishinda.

"Acheni gunia," nikasema. "Kosa ni langu."

Hawakuelewa, kwa hiyo niliwaonyesha. Nilimpa mtu kamba ya Mapema amgeuzie upande mwingine. Nikawapanga wanaume watano mstari mmoja, nikatia omena ya mfukoni mwangu kwenye koti la naibu chifu. Mapema akaachiliwa. Hakuwanusa hata wanne wa kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa naibu chifu, akaketi, akabweka.

Naibu chifu akainua mikono juu. "Haya, nifungeni," akasema. "Ng'ombe iko kwa koti."

Kicheko kilichotoka pale nadhani kilisikika hadi Isebania, mpakani. Mwita mwenyewe alicheka mpaka akaegemea ukuta, na yule aliyevuta gunia akalirudisha ndani taratibu, akalipangusa vumbi kwa mkono. Nikawaeleza lililobaki: kwamba mama alifika bomani asubuhi na omena, na mbwa wangu ameijua njia ya omena tangu meno yake ya kwanza. Ng'ombe hakuwajali kabisa. Nikamgeukia Mzee Marwa, nikamwambia mbele ya watu kwamba sikumfundisha kwa sifa.

"Nimeona," akasema. "Sasa twende tukachukue mwenye kazi."

Tulirudi bomani. Karani aliamshwa, akapewa kamba ya ng'ombe aikague. Aliikagua kirefu. Aliondoka akichechemea, polepole, tukamfuata kama watu wanaokwenda kanisani. Alipita nyuma ya zizi, akashuka bondeni, akasimama mara mbili kupumzisha nyonga, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Kabla ya adhuhuri tuliwakuta ng'ombe wawili wa Mwita wamefungwa katikati ya mikaratusi karibu na mto, na waliowafunga wameshakimbia makelele yetu. Mwita alimkumbatia ng'ombe mmoja shingoni, akamkumbatia wa pili, akamkumbatia na Karani.

Kamati ilikaa. Walisema Mapema hafai, lakini mama yake anafaa, na mtu aliyekubali kosa bila kuburutwa anaweza kujaribu tena. Walichukua wale wanne wadogo kwa sharti kwamba mafunzo yaanze upya chini ya Mzee Marwa, na mimi nisiruhusiwe uani na kitu chochote kilichotoka ziwani. Wawili kati yao walikuja kuwa mbwa wa sifa. Mmoja alikuwa mvivu tu, na mmoja aliogopa mbuzi.

Siku ya pili nilikwenda sokoni kwa Nyar Karungu na Mapema. Nilikuwa nimejitayarisha kuomba msamaha faraghani, kama watu wa ofisi. Akakataa. "Waliniita mwizi mbele ya watu," akasema. "Wewe sema mbele ya watu." Basi nikapanda juu ya kreti ya soda, nikawaambia wauza nyanya na wauza mitumba kwamba mama huyu hajawahi kuiba hata kamba, kwamba daktari wa mifugo ndiye mjinga, na kwamba mbwa huyu ana shahada ya omena. Walicheka, wakapiga makofi. Nikashuka nikiwa nimeridhika sana na nafsi yangu.

Nyar Karungu aliendelea kupanga omena yake. Watu walipotawanyika akaniambia kwa Kijaluo, bila kuniangalia, "Nilikuona ulivyonyamaza. Ulijua tangu nilipofungua mlango."

Nilisema samahani.

"Alhamisi kuna soko tena," akasema. "Kuna wateja hawajasikia."

Nilikwenda Alhamisi, nikasema yote, watu wakacheka tena. Akaniambia nirudi siku ya soko inayofuata. Mara ya tatu nilipanda juu ya kreti, Mapema kando yangu, nikasema habari ya omena, ya koti la naibu chifu, halafu nikasema na ile sehemu niliyokuwa naiacha: kwamba nilijua, kwamba walikuwa wanamvutia gunia lake nje, na kwamba nilisimama pale nikimwangalia kwa sababu nilitaka mbwa wangu wasifiwe. Hakuna aliyecheka. Nilisimama juu ya kreti ile nikisikia nzi.

Nyar Karungu akachukua mkebe wake, akajaza omena mpaka ikamwagika pembeni, akaimimina kwenye gazeti, akalifunga.

"Sasa imetosha," akasema, akanipa.

Akanyoosha mkono wa pili, akachukua kamba ya Mapema, akaifunga kwenye meza yake.